Maswali na Majibu: Kinachoipa Bei Senti ya Shaba ya Marekani

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, na katika vitu alivyotuachia mna kopo dogo lenye sarafu kubwa za shaba za Marekani, kila moja ikiwa ni senti moja. Nimesoma juu yake miaka ya 1798, 1818, 1838 na 1851. Niliamini kwamba ile ya 1798 ndiyo yenye bei kubwa, kwa kuwa ndiyo kongwe kuliko zote. Lakini mtu mmoja anayezifahamu sarafu aliitazama mara moja tu akaiweka kando, kisha akakaa na ile ya 1838 kwa muda mrefu, akiigeuzageuza chini ya taa. Je, umri hauhesabiwi? Na kama hauhesabiwi, kinachohesabiwa ni nini?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa msiba, na mshukuru mtu huyo, kwa maana amekuonyesha kwa macho yake jambo ambalo wengi hulielewa baada ya kupata hasara. Umri ni sehemu ndogo ya bei ya sarafu ya shaba. Kinachotazamwa kwanza ni hali ya uso wake, yaani ile ngozi ya juu ya shaba ambayo huliwa na unyevu, jasho na kutu, na ambayo ikishaharibika haiwezi kurudishwa na fundi yeyote. Sarafu yako ya 1798 pengine imetobokatoboka kwa kutu au imesagika hadi nywele za kichwa kilichochorwa hazionekani, ilhali ile ya 1838 pengine ina uso laini wa rangi ya kahawia, usio na makovu. Ikiwa ndivyo, ya 1838 inaweza kabisa kuizidi bei ile iliyoitangulia kwa miaka 40.

Ili uelewe kwa nini iko hivyo, tuanze na historia yake. Kiwanda cha serikali cha kufulia sarafu kilianzishwa Philadelphia kwa sheria ya tarehe 2 Aprili 1792, na senti za kwanza za matumizi ya watu zilitoka Machi 1793. Tangu hapo senti hizi kubwa zilitolewa zikiwa na tarehe za kila mwaka hadi 1857, isipokuwa 1815 peke yake, kwa sababu vita na Uingereza vilikuwa vimekausha akiba ya shaba. Pamoja nazo zilikuwapo nusu senti, ambazo zilifuliwa kwa miaka fulani na kurukwa miaka mingine, nazo pia zikakoma mwaka 1857. Kiasi kilichofuliwa hakikuwa sawa hata kidogo. Senti za kwanza kabisa za 1793, zenye mnyororo wa viungo 15 upande wa nyuma, zilikuwa 36,103 tu, wakati za mwaka 1851 zilizidi milioni tisa. Kwa hiyo senti yako ya 1851, hata ikiwa nzuri, ina ndugu wengi duniani, na bei yake hubaki ya wastani.

Hata hivyo, idadi iliyofuliwa ni mwanzo tu wa hesabu, na kwa miaka ya mwanzo inaweza hata kukupotosha. Kiwanda kile kilikuwa maskini wa chuma kizuri cha kutengenezea mihuri ya kugongea, kwa hiyo muhuri wenye tarehe ya mwaka mmoja uliweza kuendelea kutumika mwaka uliofuata mpaka upasuke. Idadi iliyoandikwa katika daftari la mwaka fulani basi si lazima iwe idadi ya sarafu zenye tarehe ya mwaka huo. Hesabu yenye maana zaidi ni ya zile zilizosalia, na katika hizo zilizosalia, ni ngapi zimesalia zikiwa na uso mzima.

Hapa ndipo shaba inapotofautiana na dhahabu. Dhahabu yaweza kulala baharini kwa miaka 200 ikatoka iking'aa. Shaba huanza kubadilika siku ileile inapotoka kiwandani. Hewa huigeuza kutoka wekundu wa moto hadi kahawia, unyevu huiletea kutu ya kijani, na udongo huila hadi iwe na vishimo. Isitoshe, senti ilikuwa fedha ya watu wa kawaida, ilipita mikononi kila siku sokoni, na hakuna aliyeona sababu ya kuiweka akiba kama alivyoweka sarafu ya fedha au ya dhahabu. Ukusanyaji wa sarafu ulienea Marekani baada ya senti kubwa kuondolewa mwaka 1857, watu walipoanza kuzionea huruma zilizokuwa zikipotea. Wakati huo zile za miaka ya 1790 zilikuwa zimekwisha kuzunguka kwa zaidi ya nusu karne.

Liko na jambo la kisahani, yaani kile kipande cha shaba kisichochorwa kinachowekwa kati ya mihuri miwili. Miaka ya mwanzo kiwanda kilinunua shaba popote kilipoipata, pamoja na vyombo na mabaki ya vitu vilivyochakaa, na visahani vyake vingi vilikuwa na nyufa na madoa meusi kabla hata ya kugongwa. Baadaye viliagizwa visahani vilivyokwisha kukatwa kutoka kiwanda cha Matthew Boulton huko Birmingham, Uingereza, na hivyo vilikuwa safi zaidi. Ndiyo maana sarafu mbili za miaka inayokaribiana, zilizotumika kwa kiasi kilekile, zinaweza kuwa na sura zisizofanana kabisa, na mnunuzi anayeijua kazi yake atalipa mara kadhaa zaidi kwa ile iliyozaliwa katika shaba njema.

Kupima hali hiyo kuna kipimo chake. Mwaka 1949 William Sheldon, mwanasaikolojia aliyezipenda senti za kale, alitoa utaratibu wa madaraja kuanzia 1 hadi 70. Wazo lake lilikuwa kwamba namba ya daraja iwe pia namba ya bei: senti ya aina fulani ya 1794 iliyosagika kiasi cha kutambulika kwa shida ikiwa na thamani ya dola moja, basi ileile katika hali kamilifu iwe na thamani ya dola 70. Hesabu hiyo ya bei haikudumu, kwa kuwa wanunuzi walizidi kuzitaka sarafu nzuri na bei zake zikapanda mbio kuliko za zile mbovu, lakini namba zilibaki, na leo hutumika kwa sarafu zote za Marekani, za shaba, fedha na dhahabu. Daraja la 60 kwenda juu ni la sarafu ambayo haikutumika kabisa. Mimi naona inafaa kila mkusanyaji akumbuke kwamba kipimo hiki kilizaliwa kwenye shaba, kwa sababu ni shaba iliyowalazimisha watu kutazama kwa uangalifu.

Wakusanyaji wa shaba za kale, wenye chama chao tangu mwaka 1967, wana desturi kali zaidi ya ile ya wafanyabiashara wengi. Huanza kwa kupima kiasi cha uchakavu, kisha hupunguza daraja kwa kila kasoro: vishimo vya kutu, pigo kwenye ukingo, mkwaruzo shavuni, rangi isiyo ya asili. Sarafu yenye michoro ya daraja la 40 inaweza kuhesabiwa kuwa 15 kwa sababu ya kutu peke yake. Inawezekana sana kwamba hilo ndilo lililoipata sarafu yako ya 1798.

Sasa niseme juu ya mahitaji, jambo ambalo wauliza-maswali wengi hulisahau. Uhaba bila watu wanaoitaka sarafu hauleti bei. Senti za mwaka mmoja wa zamani ziligongwa kwa mihuri mingi iliyochongwa kwa mkono, na kila jozi ya mihuri ni aina ya peke yake. Aina hizo za miaka ya 1793 hadi 1814 zimepewa namba, nazo ni karibu 300. Ziko aina ambazo zinajulikana chini ya 30 ulimwenguni, na bado zinauzwa kwa bei isiyotisha, kwa sababu wanaokusanya kwa kufuata mihuri ni wachache. Linganisha na senti ndogo ya Lincoln, yaani yenye sura ya Rais Abraham Lincoln, ya mwaka 1909 iliyofuliwa San Francisco ikiwa na herufi V.D.B. za mchoraji wake, Victor David Brenner. Hizo zilifuliwa 484,000, idadi ambayo kwa senti ya 1793 ingekuwa kubwa mno, lakini kila anayejaza albamu ya senti za Lincoln huihitaji, na wanaojaza albamu hizo ni wengi sana. Bei yake imebaki juu tangu zamani.

Senti za mnyororo za 1793 zina yote mawili, uhaba na mahitaji, na zaidi ya hayo zina kisa. Ndizo za kwanza, na magazeti ya wakati huo yalizilaumu, yakisema mnyororo ni ishara mbaya kwa nchi iliyojisifu kwa uhuru, hata muundo ukabadilishwa katika muda wa wiki chache. Januari 2015, moja katika hizo yenye uso wa ajabu iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni mbili. Ndugu yake aliyesagika na kuliwa na kutu huuzwa kwa dola elfu kadhaa. Tarehe ni moja, mwaka ni mmoja, na tofauti yote iko kwenye ngozi.

Kuhusu ile ya 1818, itazame vizuri. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ilipatikana akiba ya senti za miaka 1816 hadi 1820, zikiwa hazijatumika, nayo inasimuliwa kuwa ilikuwa ndani ya pipa dogo huko Georgia. Kwa sababu ya pipa hilo, senti za 1818 na 1820 zenye wekundu wa asili na madoa meusi zinapatikana kwa urahisi kuliko ambavyo umri wake ungekufanya utarajie. Ikiwa yako ni ya namna hiyo, ni nzuri na itapata mnunuzi, ila usitarajie bei ya kitu adimu.

SWALI: Nimeshauriwa nizisugue sarafu zangu za shaba kwa limau na chumvi ili zing'ae kabla ya kuzipeleka kwa mnunuzi. Je, zitapanda bei?

JIBU: Nakusihi usifanye hivyo. Asidi ya limau huondoa tabaka la kahawia ambalo shaba imelijenga kwa miaka 150 au zaidi, na pamoja nalo huondoa sehemu ya shaba yenyewe. Utapata sarafu ya rangi ya waridi iliyopauka, isiyo na ule mng'ao unaozunguka kama gurudumu unapoigeuza kwenye mwanga, na mnunuzi ataitambua kabla hujamaliza kusalimia. Bei inaweza kushuka hadi nusu au chini ya hapo, na hasara hiyo ni ya kudumu. Inauma kuona sarafu iliyovuka vizazi vinne au vitano ikiharibiwa jikoni kwa dakika tano, tena na mtu aliyeipenda.

Wanaopima sarafu za shaba ambazo hazikutumika huzigawa katika rangi tatu: nyekundu, nyekundu-kahawia, na kahawia. Nyekundu ya asili ina bei ya juu kabisa kwa kuwa ndiyo ngumu kuilinda, na hapo ndipo tamaa ya kung'arisha inapozaliwa. Lakini nyekundu ya kiwandani na nyekundu ya asidi hazifanani, kama vile shavu la mtoto lisivyofanana na rangi ya kupaka. Kwa maoni yangu, senti ya kahawia iliyo laini na yenye rangi moja ni kitu kizuri kuliko nyekundu yenye madoa, na kwa senti za kabla ya 1815 wakusanyaji wengi huipokea kahawia hiyo kwa furaha bila kudai zaidi.

Unachoweza kufanya ni kidogo. Shika sarafu kwa ukingo, usiguse uso wake, kwa maana alama ya kidole huchoma shaba na baada ya miezi huonekana kama muhuri. Grisi au uchafu laini unaweza kuloweshwa kwa asetoni safi, yaani kimiminika kinachoyeyusha grisi, mahali penye hewa na mbali na moto, bila kusugua. Kutu ya kijani mwachie mwenye uzoefu. Zihifadhi mahali pakavu, na usitumie vifuko vya plastiki laini yenye harufu kali, kwa sababu plastiki hiyo hutoa kemikali inayoacha ute wa kijani juu ya shaba.

SWALI: Nimeletewa senti ya mwaka 1799 kwa bei ndogo kuliko ninayoiona katika orodha za bei. Muuzaji anasema ana shida ya fedha. Nitajuaje kama ni ya kweli?

JIBU: Mwaka 1799 ndio mwaka unaotafutwa kuliko karibu yote katika senti kubwa. Joseph Mickley wa Pennsylvania, mmoja wa wakusanyaji wa kwanza wakubwa wa Marekani, alizaliwa mwaka huo, na inasimuliwa kwamba alianza kukusanya akiwa kijana kwa kutafuta tu senti ya mwaka wake wa kuzaliwa, akagundua jinsi ilivyo ngumu kuipata. Ugumu huo ndio uliowavuta walaghai. Tangu karne ya 19 wamekuwa wakichukua senti ya 1798 na kuchonga namba 8 ya mwisho iwe 9. Mwaka 1804 nao ni adimu, na umeghushiwa kwa namna hiyohiyo.

Kinga yako iko kwenye mihuri. Senti za kweli za 1799 ziligongwa kwa mihuri michache mno, hivyo nafasi kati ya namba, umbo la kila namba na mahali majani ya upande wa nyuma yanapoelekea herufi vinajulikana na vimepigwa picha. Sarafu isiyolingana na mojawapo ya mihuri hiyo si ya 1799, hata kama namba zake zinasomeka vizuri. Tazama sehemu ya namba ya mwisho kwa lenzi ya kukuzia: shaba iliyosogezwa kwa patasi huacha bonde au kipara ambacho hakipo penginepo. Kisha ipime. Tangu mwanzoni mwa 1796 senti kubwa ilitakiwa kuwa na gramu 10.89, baada ya kupunguzwa kutoka gramu 13.48. Uchakavu hupunguza kidogo, lakini tofauti kubwa, hasa ya kuzidi, ni dalili mbaya. Tazama pia ukingo, kwa kuwa ziko nakala za karne ya 19 zilizotengenezwa kwa kutandaza shaba kwa umeme kwenye kalibu, nusu mbili zikaunganishwa, na mshono wake huonekana ukingoni.

Kwa 1804 kuna mtego mwingine. Karibu na mwaka 1860 watu binafsi walipata mihuri chakavu iliyokuwa imetupwa na kiwanda, wakabadilisha muhuri wa 1803 usomeke 1804, wakauoanisha na muhuri wa nyuma wa zama za 1820, wakagonga sarafu. Hizo zina wanunuzi wake na bei yake, ila si senti za 1804.

Kuhusu bei ndogo na shida ya muuzaji, mwambie kwa heshima kwamba utanunua baada ya sarafu kuthibitishwa. Makampuni ya kupima na kufungia sarafu katika plastiki ngumu, yaliyoenea Marekani tangu 1986 na 1987, hutoza ada ambayo ni ndogo mbele ya bei ya senti ya 1799. Muuzaji mwenye sarafu ya kweli atafaidika kuliko wewe, kwa sababu ikithibitishwa ataiuza kwa bei yake halisi. Akikataa, rudisha sarafu mikononi mwake.

SWALI: Nina senti ya Lincoln ya 1943 yenye rangi ya shaba. Nimesikia inaweza kununua nyumba.

JIBU: Mwaka 1943 shaba ilihitajika vitani, kwa hiyo senti zilifuliwa kwa chuma kilichopakwa zinki, zikawa za kijivu. Vipande vichache sana vya shaba vilivyokuwa vimebaki katika mitambo viligongwa kwa makosa, na hivyo ndivyo vyenye bei ya nyumba. Lete sumaku. Ikinata, sarafu yako ni ya chuma iliyopakwa shaba baadaye. Isiponata, ipime: ya shaba ina gramu 3.11 hivi, ya chuma 2.7 hivi. Ikiwa imefaulu hapo pia, tazama namba 3, kwa sababu wako wanaokata upande wa namba 8 ya mwaka 1948 ili isomeke 3. Mkia wa 3 ya kweli hushuka chini kuliko namba zilizo kando yake.

SWALI: Wapimaji wawili wameipa senti yangu moja madaraja tofauti, mmoja 35 na mwingine 20. Nani mwongo?

JIBU: Huenda hakuna mwongo. Wa kwanza alisoma uchakavu wa michoro tu, wa pili akaondoa pointi kwa kasoro za uso, kama nilivyoeleza hapo juu. Waulize wote wawili swali moja: wameona nini kwenye ngozi ya sarafu? Kisha uitazame mwenyewe kwenye mwanga wa taa moja iliyo pembeni, ukiigeuza polepole. Utakapoiona kasoro hiyo kwa macho yako, linganisha sarafu yako na zile zilizouzwa minadani zikiwa na kasoro ya aina ileile, kwa kuwa bei zilizolipwa kwa sarafu zisizo na dosari hazikuhusu.